Mawe Yalihama, Babu Hakuhama

Wegesa mwanangu,

Sianzi na hujambo, maana uko hapo jikoni na mama yako, nakusikia unavyomcheka kwa jinsi alivyowafunga wale samaki furu wakavu wa Mugango kwa kamba ya katani, kana kwamba anasafirisha mbuzi mkorofi. Mimi nimekaa nje nyuma ya nyumba, karatasi juu ya goti. Dukani mafuta ya taa yamekuwa hadithi, kwa hiyo nitaandika mpaka jua lizame, na likizama barua imekwisha. Utaisoma kwenye treni ukishatoka Mwanza, mahali ambapo huwezi kushuka urudi kubishana na mimi.

Habari za sweta, za wavulana, za kwenda kanisani hata kama padri wao haeleweki, mama yako amezimaliza, na nyingine amezirudia. Mimi nina jambo moja. Jana tukila uliniuliza, "Baba, bibi akitutoka, mtamzika wapi?" Nikasukuma sahani nikatoka nje. Ulidhani nimechukia kwa sababu umemtabiria bibi yako kifo. Wapi! Bibi yako anajitabiria mwenyewe kila asubuhi, na yule mganga wa zahanati alipotuambia tumpe chochote anachopenda kula, sote tulielewa. Nilitoka kwa sababu swali lako ndilo ninalolikimbia tangu Operesheni Vijiji, na wewe ndiye mtu pekee wa nyumba hii asiyejua kwa nini. Mwaka ule ulikuwa shuleni Musoma, unalala kwa shangazi yako kule Mwisenge. Uliondoka nyumbani kukiwa mlimani, ukarudi likizo ukakuta kwenu ni kando ya barabara. Uliuliza, ukaambiwa, "Tulihama." Basi.

Nitakueleza, lakini nianze na kitabu chako, kile ulichokuja nacho Krismasi.

Ulitukalisha hapa ukatuonyesha picha. Ukasema huko Ayalandi unakokwenda kuna vilima ambavyo si vilima, ni makaburi. Yana mlango upande mmoja, na ujia mwembamba wa mawe ambao mtu anauingia ameinama, na ndani kabisa kuna chumba, na mwaka mara moja jua la asubuhi linapita ujiani mpaka chumbani. Ukasema waliojenga hawakuwa na chuma wala gurudumu, walikuwa wakulima na wafugaji wa ng'ombe kama sisi, na wamekufa zaidi ya miaka elfu tano. Mimi nikaruka: "Basi huo ndio Ujamaa! Watu wamekubaliana, wamebeba mawe pamoja!" Ukacheka, ukasema wasomi wanabishana hilohilo, wengine wanasema walikuwa watu sawa wanaosaidiana, wengine wanasema palikuwa na wakubwa waliowatumikisha wenzao.

Unakumbuka bibi yako alivyouliza? Alikuwa ameshika ile picha karibu na pua. "Hao waliobeba mawe, nao walizikwa humo ndani?" Ukamwambia hapana, bibi, mifupa inayokutwa ni ya watu wachache, haifanani na wingi wa watu waliojenga. Wengine haijulikani walilazwa wapi. Bibi akarudisha kitabu. "Basi palikuwa na mwenyekiti," akasema.

Mlicheka mpaka mama yako akamwaga chai. Na mimi mwenyekiti wa kijiji nikacheka. Lakini lile lilikuwa kofi, mwanangu, na lilinipata sawasawa.

Mwaka wa Operesheni nilikuwa bado balozi wa nyumba kumi, kule juu kwenye majabali, ambako ukisimama unaiona tambarare yote ya Bugwema. Nilikwenda Butiama kwenye semina, nikarudi kwa miguu nimejaa maneno. Ukisikia mtu anasema baba yako alilazimishwa, usikubali. Sikulazimishwa. Niliamini. Nilitaka shule, zahanati, bomba la maji, na mengine niliyoyataka yametokea, wewe ukiwa mmojawapo. Lakini nilitaka nyumba zangu kumi ziwe za kwanza kuhama, kabla ya Bunda yote, ili nitajwe. Hapo ndipo nilipopotea. Kwenye ile haraka yangu kulikuwa na majivuno, na majivuno yanaona mbali ila hayaoni miguuni.

Nikaezua paa langu kwanza, mbele ya watu, mama yako anaangalia na mdogo wako Wambura mgongoni. Watu wakaanza kufunga mizigo. Bibi yako hakufunga kitu. Alichukua kigoda chake akaenda kukaa langoni pa zizi, kwenye kaburi la babu yako.

Kaburi lile unalikumbuka, ulikuwa unakatazwa kulirukia. Kwetu kaburi la mtu mzima halijengwi na fundi. Kila mtu wa rika lake anatoka kwake na jiwe, analiweka kwa mkono wa kulia, anasema neno lake, anaondoka bila kugeuka. Ndiyo maana bibi yako alikuwa anaweza kukuonyesha: hili la Makuru, hili la yule aliyekufa vitani, hili bapa la kichwani la mjomba wake. Kwake lile halikuwa lundo. Walikuwa watu wameketi.

Nikamwambia, "Mama, kesho mgambo wanakuja."

"Waje."

"Watakubeba na hicho kigoda."

"Wanibebe. Mimi nilikuwaga nabebwa na baba yako siku ya harusi, nimezoea."

Watu wakaanza kufungua mizigo yao. Nilisikia mmoja anasema, "Mama wa balozi haondoki, sisi tuna haraka ya nini?" Nikaona jina langu linateremka mlima kabla yangu.

Kumhamisha marehemu kwa desturi ni kazi. Anatakiwa mjomba, wanatakiwa wazee wa rika, mnyama, siku kadhaa za kukaa naye na kumwambia mnakompeleka. Mimi nilikuwa na siku moja. Nikajiambia mimi Mkristo, wafu wako mikononi mwa Mungu, udongo ni udongo. Nikakata mti wenye panda, nikaufungia ng'ombe wawili wauburute, nikaanza kupakia mawe ya babu yako juu ya panda ile. Mzee Makuru alinisaidia. Alipakia yote, jiwe lake mwenyewe akalipakia la mwisho. Tulipomaliza nikamwendea bibi yako.

"Mama, twende. Baba tunaye."

Akanitazama. "Umemwamsha?"

"Nimemwamsha."

Akatazama chini pale mawe yalipotoka. Udongo ulikuwa mzima, nyasi zimelala zimepauka, na wadudu wanakimbia jua. Hata mtoto angeona kwamba hakuna jembe lililogusa pale. Akainuka, akachukua kigoda chake, akafuata ng'ombe. Hakusema neno mpaka barabarani, na mimi nikajipongeza kwamba nimemweza. Lo, mjinga mimi! Mama yangu alikuwa ananisitiri. Hakutaka watu wenye bunduki wanikute naaibika mbele ya nyumba zangu kumi.

Nikayapanga mawe upya huku chini, hapa nyuma ya nyumba ambapo nimekaa sasa. Nikajitahidi yakae vilevile, lile bapa kichwani. Lile ndilo kaburi ambalo umekuwa ukilifagia kila likizo. Wegesa, humo hamna mtu.

Pumua kwanza. Angalia nje dirishani kidogo, halafu uendelee.

Mvua ilitukuta hatujaezeka. Tulikuwa tumejazana kwenye vibanda vya mabua, na surua ikaingia ikatembea kibanda kwa kibanda. Habari za mdogo wako ulizipata shuleni, na shangazi aliniambia ulilia mpaka sauti ikakatika. Usilolijua ni mazishi. Wambura alikuwa mtu wa kwanza kuzikwa katika kijiji hiki. Nilimchimbia kando ya yale mawe, nikasimama nikasema kwa sauti ya mkutano, watu wote wasikie: "Babu yake yupo hapa, atamlinda." Mama yako akatikisa kichwa kukubali, alikuwa anahitaji sana kuamini. Bibi yako akanisogelea akaniambia kwa lugha yetu, taratibu, mimi tu nisikie, "Umemlaza mtoto kando ya nani?"

Mpaka leo sijamjibu. Tunakula pamoja, ananiombea, ananitania, hajalirudia swali lile hata siku moja, na mimi kila nikimpa maji ninalisikia.

Baadaye akaanza kupanda mlima. Alikuwa anasema anakwenda kutafuta kuni. Kumbe anakwenda mahameni, anakaa kwa mume wake, anarudi jioni na vijiti viwili vya aibu. Kisha kijiji kikaamua shamba la pamba liwe kulekule, ardhi yake ni nzuri. Mkutano nilikuwa naendesha mimi, wakati huo tayari mwenyekiti. Ningeweza kusema, "Ndugu zangu, pale langoni kuna mtu." Lakini ningesemaje, ilhali watu wote wamezika mtoto wangu kwa maneno yangu? Nikanyamaza. Ile minyaa ya boma letu iling'olewa, trekta likapita. Dereva hakuwa na kosa, mawe yangemwambia akwepe, na mawe nilikuwa nimeyachukua. Palipo na mawe hapana mtu, na palipo na mtu tunalima pamba.

Sasa wewe unakwenda kusomea makaburi. Sijui kazi yenu, lakini mawe nayajua, kwa hiyo nisikilize kidogo.

Msingi wa ghala letu la pamba niliusimamia mimi. Jiwe kubwa halisogezwi na wenye nguvu, linasogezwa na chakula. Tulipokuwa tunavuta, nyuma yetu kulikuwa na akina mama wanapika uji tangu alfajiri, na nyuma yao kuna walioacha kupalilia mashamba yao ili uji ule upatikane. Ukiliangalia ghala leo unaona wanaume. Kwa hiyo ukifika kwenye kilima chenu kile, usihesabu waliovuta tu, tafuta walipopika. Na wakikuuliza kama watu wale walijenga kwa kupenda au kwa kuchapwa, waambie inawezekana vyote viwili, siku moja, mtu mmoja. Sisi tuliimba. Tuliimba kwelikweli, wimbo ulikuwa mtamu, na mgambo alikuwa amesimama pale na fimbo. Siku ileile jiwe lilimponyoka mtu likamwangukia Mzee Makuru mguuni. Anachechemea hadi sasa. Umeona anavyoniamkia? Yeye rika la babu yako, ananiambia mimi, "Shikamoo, mwenyekiti." Mnadhani ni utani wa wazee. Haniamkii, Wegesa. Ananikumbusha. Na ule msingi umenyooka, mzuri, hautaonyesha lolote la mguu wake.

Mkikuta kaburi tupu huko, msikimbilie kusema wezi wameiba au mafuriko yamepita. Labda kuna mtu alikuwa na haraka. Labda alimdanganya mama yake. Na mkikuta mifupa imechanganywa, ya huyu na ya yule, wazee na watoto, kama ulivyotusomea, mimi nadhani watu wale walikuwa na akili kuliko mimi. Waliohama walirudi kuwachukua watu wao wakawaweka nyumba moja yenye mlango, ili hata anayekuja baadaye aweze kuingizwa kwa wenzake. Nyumba isiyofungwa. Mimi nilibeba ukuta nikaacha wenyeji.

Huu ndio ushauri wangu wote, na si mwingi. Ukiwa na haraka ya jambo zuri, jiulize unamkanyaga nani. Nimeishia hapo, nisije nikawa kama wasemaji wa semina.

Sasa jibu la swali lako. Nimeamua. Bibi yako nitamzika juu, mahameni, katikati ya pamba, karibu na mume wake kadiri nitakavyoweza kupakisia. Nimemwambia katibu kata. Amesema shamba la kijiji si makaburi ya ukoo, na mwenyekiti akivunja sheria hiyo yeye mwenyewe, nani atamheshimu. Nikamwambia basi atafute mwenyekiti mwingine. Kwa hiyo usishangae ukisikia baba yako hana cheo. Mawe haya nitayarudisha juu kwa ng'ombe, mchana, watu wote waone, na Makuru nitamwomba aliweke lake mwenyewe kwa mkono wa kulia. Kilichobaki ni kumwambia bibi yako. Nimeahirisha kila siku. Najua atafurahi, lakini ili afurahi lazima kwanza nikiri mbele yake kile anachokijua.

Ngoja. Ananiita.

Nimerudi. Jua limeshika vilele vya minyaa, herufi zangu zitaharibika, vumilia.

Alikuwa anataka ageuzwe aangalie mlango. Nikamgeuza, nikakaa kwenye kile kigoda, nikasema yote. Sikusema kwa sauti ya mkutano. Nikamwambia, "Mama, sikumwamsha Baba." Akasema, "Najua." Nikamwambia, "Nitakupeleka kwake." Nikamweleza habari ya pamba, ya katibu kata, ya mawe kurudi. Nilikuwa nalia, nakuambia ukweli, mzee mzima kamasi zinanitoka.

Akaacha nimalize. Kisha akasema, "Hapana."

Nikadhani hajasikia. Nikarudia.

"Nimesikia. Masikio hayajafa. Mawe yapeleke kama unataka, baba yako atashukuru. Mimi usinipeleke. Baba yako alikuwaga halali hata ndani, analala zizini na ng'ombe wake, mimi niko peke yangu na watoto. Amezoea. Yule ni mtu mzima." Akapumzika kidogo, pumzi zake unazijua siku hizi. "Mtoto je? Mtoto amelala peke yake tangu mvua ile."

Miaka yote hii nilidhani anamlilia mume.

Akauliza kama umefunga mizigo. Nikasema ndiyo. Akasema nikuambie mambo mawili. La kwanza, usirudi utakaposikia. Nauli ya ndege si ya kuja kumtazama mtu aliyefumba macho, mtazamane sasa. La pili, huko kwenye yale makaburi yenye mlango, usiingie tu kama unaingia ghalani. Nyumba yenye mlango ina hodi. Upige hodi, usubiri kidogo, ndipo uiname.

Kwa hiyo hapa kwetu, Wegesa, patabaki hivi: juu mawe yenye mtu, nikiweza kupapata, na huku chini bibi kizee na mtoto, bila jiwe hata moja. Siku moja wasomi kama ninyi watakuja na majembe madogo, watawakuta wawili hawa, na watabishana alikuwa nani kwa nani. Wewe ndiye utakayekuwa unajua. Uliandike mahali.

Giza linaingia na mama yako ananiita kula. Nakwenda kukaa upande wako leo, na sitasukuma sahani. Nenda salama, mwanangu, binti wa watu waliohama. Nakupenda, na hilo sijawahi kukuambia kwa mdomo kwa sababu sikufundishwa.

Nilipokuwa nainuka pale kitandani bibi yako alinishika mkono. Aliomba kitu kimoja juu ya lile kaburi lake, na nimemwahidi kwamba nitalichimba mwenyewe, nisimwachie mtu. Alisema nichimbe karibu kabisa na Wambura. Udongo wa katikati uwe mwembamba, mtoto akilia amsikie.

Baba yako